Usifungue injini kabla ya kuihoji geji

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ukienda kununua gari la zamani utaiona methali hii ikigeuka. Gari bovu likishapigwa rangi mpya, viti vikashonewa ngozi na magurudumu yakapakwa dawa ya kung'aa, hujiuza lenyewe kabla muuzaji hajafungua kinywa. Ubovu wake umejificha chini ya boneti na nyuma ya dashibodi, nao hungoja hadi pesa zimeshalipwa na hati za gari zimeshabadilishwa jina.

Juma hili nataka tuzungumzie wiki zile za kwanza baada ya gari la namna hiyo kufika nyumbani. Ndizo wiki zinazoamua kama gari litakuwa furaha ya jamaa nzima au litakuwa donda ndugu la kula mshahara kila mwisho wa mwezi. Na mara nyingi kinachoamua ni hatua ya kwanza inayochukuliwa siku mshale wa geji unapoelekea kwenye rangi nyekundu.

Nimepokea barua kutoka kwa kijana anayesomea ufundi wa umeme katika chuo kimoja hapa Nairobi. Baba yake alipostaafu alinunua Land Rover Series III ya petroli huko Mombasa, gari alilolitamani tangu ujana wake. Limekaa nyumbani wiki tatu. Geji ya joto hupanda hadi karibu na mwisho dakika chache tu baada ya gari kushika njia. Geji ya petroli nayo ilikuwa ikionyesha zaidi ya robo tangi siku ambayo gari lilizimika kwenye barabara ya Waiyaki kwa kukosa petroli. Isitoshe, injini ikiachwa inguruma polepole hutetemeka, na dereva akikanyaga mafuta kwa ghafla hukwama kidogo kabla ya kuondoka.

Fundi wao ametoa hukumu: hedi ifunguliwe, ikasuguliwe, gasketi mpya itiwe. Pesa zilizopo ni zile zilizowekwa kando kwa karo ya binti mdogo wa nyumba hiyo. Mama anasema gari lirudishwe lilikotoka. Baba amenyamaza. Kijana anauliza, "Nimwambie Baba nini?"

Swali hili si lake peke yake, kwa hiyo nalijibu hapa ili sote tufaidike. Hata kama gari lako si Land Rover, utaratibu ni ule ule kwa magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970.

KWANZA, LIFAHAMU GARI LAKO

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani huko Amsterdam mwezi Aprili 1948. Bodi yake iliundwa kwa aluminiamu kwa sababu baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na Land Rover ya milioni moja, iliyotoka kiwandani Solihull mwaka wa 1976, ilikuwa ya aina hii. Injini yake ya petroli iliyo maarufu hapa kwetu ina silinda nne na ukubwa wa sisi 2,286. Ni injini ngumu, isiyo na mbwembwe, na imesamehe madereva wengi makosa mengi.

Kumbuka hilo la aluminiamu, maana tutalirudia. Bodi ni ya aluminiamu, chesisi ni ya chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye unyevu hulana, na pale zinapolana hujitokeza ungaunga mweupe unaozuia umeme kupita. Gari lililokaa Mombasa miaka mingi, kwenye upepo wa bahari wenye chumvi, huwa na ungaunga huo kila pembe.

GEJI MBILI, KOSA MOJA

Sasa ichunguze barua ya kijana wetu kwa makini. Geji ya joto inasoma juu. Geji ya petroli nayo inasoma juu. Je, gasketi ya hedi inahusiana vipi na petroli iliyomo tangini? Haihusiani hata chembe. Mashahidi wawili wakisema uongo ule ule kwa wakati mmoja, mtafute aliyewafundisha.

Katika dashibodi ya Series III geji hizi mbili hukaa pamoja ndani ya duara moja, na hupata umeme wao kutoka mahali pamoja: kijisanduku kidogo cha bati nyuma ya dashibodi ambacho mafundi hukiita stebilaiza. Kazi yake ni kuchukua umeme wa betri, ambao hupanda na kushuka, na kuzipa geji kiwango kisichobadilika cha wastani wa volti 10.

Jinsi kinavyofanya kazi ni jambo la kupendeza kwa mwanafunzi. Ndani yake mna ubamba wa metali mbili zilizoshikamanishwa, umezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita waya hupata joto, ubamba hujipinda na kukata umeme. Ukipoa hunyooka na kuurudisha. Huwaka na kuzimika hivyo mfululizo, na wastani wake ndio hizo volti 10. Geji zenyewe pia hufanya kazi kwa ubamba unaopashwa joto, ndiyo sababu mishale yake hutambaa polepole badala ya kuruka.

Stebilaiza ikiacha kukata, au ikikosa waya wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, geji hupokea umeme wote unaotoka kwenye oltaneta, takriban volti 13.5. Joto ndani ya geji hufuata mraba wa volti. Zidisha 13.5 kwa 13.5, ugawanye kwa 10 mara 10, utapata zaidi kidogo ya 1.8. Mshale uliostahili kusimama katikati utasukumwa karibu na mwisho. Tangi lililobakiwa na matone litaonekana lina petroli ya kutosha kufika nyumbani. Hayo ndiyo hasa yaliyoandikwa kwenye barua.

Kwa hiyo shika kanuni hii: geji zote mbili zikisoma juu kupita kiasi, shuku stebilaiza au athi yake. Zote mbili zikilala chini kabisa, shuku fyuzi, au stebilaiza iliyokatika. Moja tu ikikosea, shuku geji hiyo, waya wake au senda yake, yaani kile kijidude kinachopima joto kwenye injini au kiwango cha petroli ndani ya tangi.

LAKINI USIJIAMINISHE MAPEMA

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Wakishasikia kwamba geji inaweza kudanganya, huipuuza na kuendelea na safari. Geji inaweza kuwa na kasoro na injini nayo iwe inachemka kweli, yote mawili kwa siku moja. Hedi ikipindika kwa moto hutasaidika kwa kusema ulidhani ni geji. Kwa hivyo kabla ya kugusa waya wowote, lipime joto lenyewe.

Anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta utazame maji. Usiufungue kamwe injini ikiwa moto. Maji yaliyo chini ya presha hurukia uso na kifua, na yamewaunguza watu wengi vibaya. Jaza maji hadi kiwango chake, funga, washa injini, kisha uendeshe gari karibu na nyumbani mpaka mshale upande kama ulivyozoea kupanda.

Siku hizi kuna kipimajoto cha mkononi kinachopima kwa mwanga bila kugusa. Fundi wako akiwa nacho, kielekezeni kwenye nyumba ya thamostati, pale bomba la juu la rejeta linapotokea kwenye injini. Bandikeni kwanza kipande cha utepe mweusi, kwa maana metali inayong'aa hukidanganya kipimo hicho kikasoma chini ya ukweli. Thamostati ya injini hizi kwa kawaida hufunguka karibu na nyuzi 82. Mkiona nyuzi 80 na kitu huku mshale umefika kwenye hatari, mshale ndio mwongo. Mkiona nyuzi 100 au zaidi, zimeni mara moja. Injini inalia kwa haki.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Uingereza havikutilii mkazo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 94, si 100. Ukipanda kuelekea Limuru hupungua zaidi. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliolegea mpira au springi ulioweza kuvumilika Mombasa utakuchemshia maji Uplands, na utadhani injini imekufa. Mfuniko mpya ni bei ndogo mno ukilinganishwa na hedi.

MAJARIBIO MANNE YA GEJI

Ikiwa joto la kweli ni la kawaida, sasa igeukie geji. Majaribio haya hayahitaji chochote ila mita ya umeme, bisibisi na kipande kirefu cha waya.

La kwanza ni la athi. Chukua waya huo mrefu, unganisha ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha mgongo wa dashibodi, pale stebilaiza ilipofungwa. Fungua swichi, ungoja dakika mbili. Geji zote mbili zikishuka na kutulia mahali pa haki, umepata mchawi wako: ni athi iliyooza. Fungua skrubu zake, kwangua ule ungaunga mweupe kwa msasa hadi metali ing'ae, paka grisi kidogo, kaza. Ni vyema pia kuvuta waya mpya wa athi kutoka dashibodi moja kwa moja hadi kwenye chesisi, usitegemee aluminiamu tena. Dalili ya ziada ya ugonjwa huu ni kwamba ukiwasha taa usiku mshale wa joto nao hupanda. Maji hayajui kama taa zimewashwa.

La pili ni la stebilaiza. Ondoa waya wa betri kwanza, ndipo ufungue skrubu za dashibodi na kuivuta mbele taratibu, kisha urudishe betri. Stebilaiza ina upande wa kuingilia umeme, ulioandikwa B, na upande wa kutokea, ulioandikwa I. Unganisha mita kwenye I na athi. Mita ya mshale itaonekana ikicheza juu na chini. Hiyo ni dalili ya uzima. Mita ya tarakimu itarukaruka, usishtuke. Ikisimama tuli kwenye volti 12 au zaidi kwa dakika kadhaa, stebilaiza imeganda. Ukifunga mpya ya aina ile ya zamani, ielekeze kama ya kwanza ilivyokuwa, kwani haifanyi kazi sawasawa ikipinduliwa. Zipo pia za kielektroniki zisizo na kitu cha kuganda, na mwanafunzi wa umeme atazitambua ndani yake kama saketi ya kawaida ya volti 10.

La tatu ni la senda ya joto, ikiwa geji ya joto peke yake ndiyo inayokosea. Chomoa waya kwenye senda; katika nyaya za asili ni wa kijani wenye mstari wa samawati, ingawa gari la miaka 40 huenda limefungwa nyaya za kila rangi. Swichi ikiwa imefunguliwa, mshale lazima ulale upande wa baridi. Usipolala, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Kisha gusisha ncha ya waya huo kwenye injini kwa sekunde chache tu, usizidishe usije ukaichoma geji. Mshale ukipanda, geji na waya ni wazima, badilisha senda. Usifunge senda kwa utepe mwingi wa mabomba, maana nyuzi zake ndizo athi yake.

La nne ni la senda ya petroli, nalo hufanywa vivyo hivyo juu ya tangi. Hapa nakusihi: usiguseguse waya wenye cheche karibu na tundu la tangi lililo wazi. Fanya jaribio hili kwenye waya ulio mbali na tangi, milango ikiwa wazi, wala pasiwe na sigara.

NA IKIWA INACHEMKA KWELI?

Hata hapo bado si wakati wa kufungua hedi. Anza na vitu vya bei nafuu: mfuniko wa rejeta, feni belti iliyolegea, thamostati iliyokwama, rejeta iliyoziba kwa kutu na matope ya miaka. Kisha tazama majira ya cheche. Cheche ikichelewa, moto huendelea kuwaka wakati ambapo ungekuwa umemaliza kazi yake, joto likaingia kwenye maji na gari likakosa nguvu mlimani.

Gasketi iliyoungua huacha ushahidi wake. Maji hupungua kila siku bila kuvuja chini. Mabomba ya rejeta hukakamaa muda mfupi tu baada ya kuwasha injini baridi. Ukiwasha mfuniko ukiwa wazi, tena injini ikiwa baridi, mapovu hutoka mfululizo ukiikanyaga. Oili kwenye kijiti cha kupimia hugeuka kama chai ya maziwa. Utando mdogo mweupe chini ya mfuniko wa oili pekee si ushahidi, kwani gari la safari fupi za mjini hukusanya unyevu pale.

Shahidi mkuu ni kipimo cha mgandamizo wa silinda. Toa plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi mwisho, zungusha injini kwa stata, uandike namba ya kila silinda. Hapa pia tukumbuke mahali tulipo. Presha ya hewa ya Nairobi ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya pwani, kwa hiyo namba zako zitakuwa chini ya zile za kitabu, na fundi asiyejua hilo atakuambia injini imechoka. Usizilinganishe na kitabu, zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Nne zikikaribiana, ondoa wasiwasi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini sana, gasketi imeungua katikati yao, na hapo fundi ana haki ya kuchukua spana.

INJINI INAYOTETEMEKA

Kijana wetu alisema pia injini hutetemeka ikitulia na hukwama ikikanyagwa. Huu ni ugonjwa mwingine, wala usiuchanganye na ule wa geji. Utaratibu wa wazee wa gereji ni huu: umeme kwanza, petroli baadaye, maana makosa mengi yanayosingiziwa kabureta yanatoka kwenye distributa.

Toa plagi uzisome. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeupe ni hewa nyingi. Nyeusi ya masizi ni petroli nyingi, na gari lililorekebishwa Mombasa likiletwa Nairobi huelekea huko, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi na kabureta haijui kwamba imehama. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.75 hadi 0.80. Pointi ziwe milimita 0.35 hadi 0.40, uso wake uwe safi. Kondensa ni kitu kidogo, ibadilishe tu. Mpangilio wa nyaya za plagi ni 1, 3, 4, 2. Kisha chomoa kibomba chembamba kinachotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distributa, ukinyonye kwa mdomo upande wa distributa. Kisipokamata ulimi, ngozi ya ndani imetoboka, nayo huleta uzito huohuo wakati wa kuondoka.

Baada ya hapo nenda kwenye petroli. Pampu ya asili ina kikombe cha kioo chini yake; kifungue umwage maji na kutu, hasa baada ya tangi kukauka hadi mwisho, kwa maana uchafu wote wa chini ulivutwa siku ile. Kama kabureta ni Zenith ya asili, ina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima: uso unaokutanisha sehemu ya juu na ya chini hupindika, na kipete kidogo cha mpira kilicho ndani hukauka. Hewa hupenya pasipostahili. Injini haitulii, na ukikanyaga hukwama. Kipete kipya na kuusawazisha uso huo kwa msasa laini juu ya kioo humaliza maneno. Ni kazi ya asubuhi moja.

Jambo la mwisho kwa injini ni vali. Tangu 2006 petroli inayouzwa Kenya haina risasi. Injini nyingi za zamani ziliundwa zikitegemea risasi hiyo kulinda viti vya vali za moshi. Bila hiyo, gari linaloendeshwa kwa kasi na mzigo hula viti hivyo polepole na nafasi ya vali hujifunga. Nafasi hiyo katika injini hii ni milimita 0.25, ipime kila mara unapobadilisha oili. Watu hufurahi makelele ya tapeti yakipungua yenyewe. Tapeti zikinyamaza bila kurekebishwa si dalili njema. Vali inayokosa nafasi haifungi vizuri, na mwisho wake ni kuungua.

TAA MBILI ZA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kwa wewe ambaye bado hujanunua, kuna ukaguzi wa sekunde mbili. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya oili na taa ya chaji lazima ziwake zote mbili, kisha zizimike injini ikishika. Taa ya oili isiyowaka kabisa si habari njema. Ama balbu imekufa ama kuna mtu aliyechomoa waya wake kwa sababu ilikuwa haizimiki. Na balbu ya chaji ikiungua, oltaneta inaweza kushindwa kuanza kuzalisha umeme, ukabaki ukibadilisha betri isiyo na kosa.

KUZUNGUMZA NA BABA, KUZUNGUMZA NA FUNDI

Sasa turudi kwa swali lenyewe: nimwambie Baba nini? Kijana wangu, usimwambie fundi ni mwongo. Huna ushahidi huo, na huenda mwenyewe anaamini anachosema, kwani ameona mshale kwa macho yake. Tena usimkosoe fundi mbele ya mzee. Fundi atakasirika, mzee atatahayari, na gari litabaki bovu palepale.

Mwendee Baba jioni akiwa ametulia. Mwambie, "Baba, naomba siku moja tu kabla hatujafungua injini." Mweleze zile geji mbili kama ulivyoeleza kwenye barua, na umwombe yeye mwenyewe ashike ule waya wa athi huku wewe ukitazama mshale. Mzee akiuona mshale ukishuka mbele ya macho yake hutahitaji hotuba. Usiposhuka, endeleeni na vipimo kwa utaratibu, na vikionyesha kweli hedi imeharibika, basi mtakuwa mmeifungua kwa ushahidi. Mama naye atajua pesa zimekwenda wapi na kwa sababu gani.

Kwa fundi, uliza kwa heshima: "Mzee, tumepima mgandamizo? Namba zilikuwa ngapi?" Fundi mwema atafurahi kuulizwa, na atakuonyesha. Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu. Na ikiwa ni lazima ununue vipuri, kwenye maduka ya barabara ya Kirinyaga au kwingineko, nenda na kile cha zamani mkononi ukilinganishe kabla ya kulipa.

Na ninyi nyote mlio na gari la kale nyumbani, nunueni daftari. Andikeni tarehe, kilomita, kilichofanywa, kilichogharimu, na jinsi geji zilivyosoma siku gari lilipokuwa zima. Gari la zamani haliji na tarakilishi ya kulikumbukia magonjwa yake. Kumbukumbu yake ni mwenyewe. Mkiuza siku moja, daftari hilo litamwambia mnunuzi mambo mengi kuliko rangi mpya.

Hadi Jumapili ijayo, kagua maji kabla ya kuwasha, wala usiufungue mfuniko wa moto.